Jinsi ya kutafuta jina la ndugu aliyepotea baharini Vita vya Pili vya Dunia kwenye kumbukumbu za waliofia vita, ukiwa Nairobi

Kabla ya kujaza chochote, jua ndugu yako alipanda meli akiwa nani. Kwetu kaka yake nyanya aliitwa "baharia" miaka yote, kumbe makaratasi yanamhesabu mpiga mizinga. Alikuwa abiria wa Khedive Ismail, meli ya askari iliyong'oa nanga Kilindini Februari 1944 kwenda Colombo ikiwa na kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga torpido karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache tu, ikaenda na watu zaidi ya 1,200.

Hilo ndilo linaloamua jina limechongwa kwenye mnara gani. Wapiga mizinga wale wako kwenye mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road. Wanamaji wa jeshi la Uingereza waliopotea baharini wako zaidi Portsmouth, Plymouth na Chatham, na mabaharia wengi wa meli za biashara wako Tower Hill, London. Baharia wa biashara huhesabiwa kati ya waliofia vita pale tu vita ndivyo vilipomuua. Askari huhesabiwa hata kama ni malaria, mradi alifariki kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Sanamu ya Askari pale Kenyatta Avenue usijisumbue nayo, ni ya vita vya kwanza na haina orodha ya majina.

Sasa ingia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, sehemu ya kutafuta waliofariki. Hapa ndipo watu hukwama. Usianze na jina! Karani wa jeshi aliandika alichosikia: herufi inaruka, jina la baba linakuwa la mtoto, wengine wana jina moja tu. Jaza tarehe ya kifo, chagua majeshi ya Afrika Mashariki, kisha pitia orodha nzima kwa macho. Soma majina kwa sauti, ikiwezekana na mzee wa nyumbani akiwa kando. Sikio lake litanasa kile ambacho kompyuta haijui.

Ukimpata, cheti cha kumbukumbu kinapakuliwa hapo hapo bure. Narudia: BURE. Kijana mmoja wa saiba mjini alinitoza pesa ya "kufuatilia Uingereza", akabonyeza mara mbili, printa ikatoa karatasi. Hata chai hakunipa.

Jina likiwa na kosa, au halipo kabisa, unaandikia Tume na ushahidi wa mambo mawili: kwamba alihudumu, na kwamba alifariki lini na vipi. Wakili mmoja aliniuzia kiapo chenye muhuri mkubwa kama sahani. Lakini karatasi ya mwaka 1944 ina nguvu kuliko kiapo cha juzi: barua, karatasi za malipo ya familia, chochote chenye namba yake ya jeshi. Namba ya kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, siyo namba ya jeshi, usizichanganye. Kama nyumbani hakuna kitu, nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, ukiwa na kitambulisho, uombe mafaili ya DC wa wilaya yenu ya miaka ile. Taja wilaya kwa jina la kikoloni, la sivyo utaambiwa faili halipo na mhudumu atarudi kwenye simu yake.

Baada ya hapo ni kusubiri. Tume haiamui peke yake kuongeza jina, huwauliza wakuu wa jeshi lililohusika. Tunza nakala ya kila ulichotuma.

Kwenda kumwona, panda 111 ya Ngong na umwambie makanga akushushe makaburi ya vita. Ukisema "makaburi" tu atakuuliza pole za nani. Ukurasa wa ndugu yako unaonyesha sehemu ya mnara ambako jina lipo. Iandike kabla hujatoka, kwa sababu majina yamepangwa kwa kikosi na cheo kwanza.