Somo: Kumjua baba wa mbegu ya msonobari

Tutatumia Pinus taeda, msonobari wa kusini-mashariki mwa Marekani. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, iliyochapishwa 2014 ina herufi takribani bilioni 22, mara saba ya zetu. Usitishike: sehemu kubwa ni vipande vinavyojirudia, na sisi tunataka jeni moja tu.

Hatua ya 1. Chuma koni za mti mmoja, uandike namba ya mti. Ukichanganya mbegu za miti miwili, kazi imekwisha.

Hatua ya 2. Loweka mbegu, kisha pasua ganda kwa wembe. Utakuta kiinitete chembamba, cheupe, kimelala katikati ya nyama ya akiba. Vitenganishe taratibu, maana utamu wote uko hapa: nyama ile haina baba. Imetokana na seli ileile iliyozaa yai, hivyo ina kromosomu 12 tu, zilezile ambazo mama amempa mtoto huyu. Kiinitete kina 24.

Hatua ya 3. Pima DNA ya kila kimoja peke yake. Aina mbili za jeni yetu, yaani aleli, tuziite A na a. Nyama ikiwa A na kiinitete Aa, chavua ilileta a. Kiinitete kikiwa AA, ilileta A. Basi.

Hatua ya 4. Mpime na mama. Akiwa Aa, karibu nusu ya nyama za mbegu zake zitakuwa A na nusu a. Ila mbegu chache hudanganya: ukipima 6, mama wa Aa anaweza kukuonyesha aleli moja tupu mara 1 kati ya 32. Ukipima 10, ni mara 1 kati ya 512. Mimi siridhiki na 6.

MASWALI

Mwalimu, mahindi nayo yanafaa?
Hapana. Akiba ya punje ya mahindi hutokana na urutubishaji, kwa hiyo baba yumo.

Mbegu za koni moja ni ndugu wa baba mmoja?
Mara nyingi siyo, chavua huletwa na upepo kutoka miti mingi. Mti huweza pia kujichavusha, lakini hapo aleli mbovu hukutana na mbegu nyingi hutoka tupu.

Kloroplasti je, za mama?
Kwa misonobari ni za baba, hupitia kwenye chavua. Mitokondria ndizo za mama.

Nimechuma koni zilizokomaa mwaka huu. Nitafute baba kwenye miti inayotoa chavua sasa?
Hapana ndugu, koni hizo zilichavushwa mwaka jana. Yai hurutubishwa karibu mwaka mzima baada ya chavua kutua, kwa hiyo angalia miti iliyotoa chavua msimu ule.