Ziwa lilikuwa wapi? Kusoma matabaka ya Olorgesailie hatua kwa hatua

Anayefika mara ya kwanza Olorgesailie, eneo la mabaki ya kale nchini Kenya kando ya barabara ya Nairobi kwenda Magadi, huona miteremko myeupe na kusema papo hapo: hapa palikuwa na ziwa. Ni kweli, ila bado hajajibu swali. Mashapo haya yalitandazwa kuanzia miaka milioni 1.2 hivi iliyopita hadi karibu miaka 500,000 iliyopita, na katika muda huo maji yalijaa na kukauka mara nyingi. Tunachotafuta ni ziwa la wakati fulani: ufuo wake ulikuwa wapi, na maji yake yalikuwa ya namna gani.

Hatua ya 1: Chimba. Unachokiona juu ya mteremko ni udongo ulioteremshwa na mvua. Kata mtaro wa ngazi, upana wa mita 1, hadi ufikie matabaka yenyewe.

Hatua ya 2: Andika kutoka chini kwenda juu. Pima unene, rangi, ukubwa wa chembe, na namna tabaka moja linavyokutana na jingine. Mpaka uliochimbika na kujazwa kokoto ni alama ya maji yaliyopita kwa nguvu. Lakini usiandike "mto" wala "ziwa" kwenye daftari sasa. Ukishalipa tabaka jina, macho yako yataanza kulitetea jina hilo.

Hatua ya 3: Tumia mikono na ulimi. Diatomaiti kavu ni nyepesi ajabu, hunata ulimini na kuacha unga mweupe kama chaki vidoleni. Ni maganda ya diatomu, mwani mdogo sana wa majini. Ikiwa safi, bila mchanga, ilitulia mbali na mdomo wa mto. Tope lisagie kwa meno ya mbele: likikwaruza, lina mchanga mwembamba usioonekana kwa macho. Kisha dondosha asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10. Povu ni dalili ya chokaa.

Tafuta mizizi kwa subira. Utaona vijiti vya chokaa, vingine unene wa kalamu, vinashuka wima, vinakonda na kugawanyika. Mahali hapo mimea iliota, kwa hiyo palikuwa kinamasi au nchi kavu. Udongo ukivunjika kwa mabonge yenye nyuso zinazong'aa kama zilizosuguliwa, ulikuwa ukivimba masika na kupasuka kiangazi, kama udongo mweusi wa pamba.

Hatua ya 4: Fuata jivu. Hii ndiyo hatua ninayoitetea kuliko zote. Jivu la mlipuko mmoja wa volkano huanguka kwa muda mfupi juu ya bonde zima, hivyo popote ulipo juu yake, uko wakati uleule. Msimu wangu wa kwanza nilichimba mtaro mmoja, nikakuta mizizi ndani ya diatomaiti, nikachora ziwa lote limekauka. Mita 300 mbele, juu ya jivu lilelile, diatomaiti ilikuwa safi bila mzizi hata mmoja. Ziwa lilikuwepo, mimi nilikuwa nimesimama ufuoni.

Angalia mipasuko. Bonde la ufa hukata matabaka na kuyashusha, hata jivu la juu likakaa sambamba na la chini. Ukiwa na shaka, peleka sampuli maabara ukalinganishe kemia ya chembe za kioo cha volkano zilizomo kwenye jivu.

Hatua ya 5: Linganisha na maziwa ya leo. Naivasha na Magadi yamo kwenye ufa uleule. Naivasha halina mto utokao, lakini maji yake hupenya chini ya ardhi yakiondoka na chumvi, hivyo ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi nyingi. Magadi ni mwisho wa safari ya maji; jua huyakausha, magadi yanabaki. Kwenye mashapo, zeolaiti (madini yanayotokea jivu la volkano likikaa kwenye maji ya magadi) na mawe ya gumegume hukuelekeza upande wa Magadi, na diatomu za *Aulacoseira*, jamii ya maji baridi, upande wa Naivasha.

Sasa chukua kalamu za rangi, chora mitaro yako yote juu ya mstari mmoja wa jivu, na hapo ndipo uandike "ufuo", "kinamasi", "kina kirefu". Ukikutana na shoka la mawe mtaroni, simamisha sululu, piga picha, andika kina chake, uliache lilipo na uwaite wahifadhi.