Samaki wa buku wanatumaliza: namna ya kununua na kuvua huku Moshi na Arusha bila kula mbegu

Watu wa huku tukisikia sheria za uvuvi tunaona ni habari za Mwanza na Mafia, sisi na mlima wetu na migomba yetu zinatuhusu nini. Zinatuhusu sana tu. Perege na kambale wa masoko ya Mbuyuni na Pasua wengi wanatoka bwawa la Nyumba ya Mungu, sato na sangara wanakuja na magari ya Mwanza hadi soko la Kilombero pale Arusha, wa baharini wanapandishwa kutoka Tanga, dagaa ndo usiseme, kila genge wapo. Kwa hiyo haya ni ya mnunuzi kwanza, af mbele huko nitawagusa na wenzangu wa kutupa ndoano wikiendi.

Msimamo wangu niuseme mapema tusisumbuane. Sheria yenyewe naona iko sawa, ila inavosimamiwa inambana mtu wa mwisho kabisa, yule mama wa beseni, wakati ukubwa wa samaki wake uliamuliwa zamani na macho ya wavu, na wavu wa macho madogo unaingia majini kwa sababu sisi tunataka samaki wa buku.

Haya, kupima. Kwa Ziwa Victoria sato chini ya sentimita 25 haruhusiwi, sangara chini ya sentimita 50 naye haruhusiwi, na sio kwa mvuvi peke yake, hata muuzaji anahusika. Unamlaza samaki ubavu, mdomo umefungwa, unapima kuanzia ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Huna rula? Karatasi ya A4 ina urefu wa karibu sentimita 30, mlaze sato pembeni yake, akipungua zaidi ya upana wa vidole vitatu hivi ujue huyo ni mtoto. Sangara wengi wanafika huku wameshakatwa vipande kwa hiyo hapo huna cha kupima, wa kukausha nao wanakunjamana na kupungua. Mnakumbuka 2018 maofisa walivoingia kantini ya Bunge pale Dodoma wakapima kwa rula samaki ambao wameshapikwa? Kelele zilizopigwa siku zile zilikuwa za haki kabisa, kwa sababu samaki akishafika kwenye sahani hakuna tena unachomuokolea.

Perege wa Nyumba ya Mungu usimpimie kwa kipimo cha sato wa Victoria, ni jamii nyingine na ukubwa wa kukomaa ni mwingine. Kwake angalia alivuliwa na nini, na hilo mwili wenyewe unakwambia. Samaki wa wavu wa kutega ana alama kama kamzungusho nyuma ya mashavu, magamba yamesuguliwa pale uzi ulipombana, halafu beseni zima wanalingana lingana, maana wavu wa macho makubwa unawaacha wadogo wapite. Wa ndoano ana mdomo umechanika upande. Beseni ukikuta limechanganyika, mmoja kiganja kizima, mwingine kidole, kuna vitoto vya kambale na majani ya ziwani na tope limo humo humo, hilo ni kokoro, wavu wa kukokota hadi ufukweni, na kokoro limepigwa marufuku kwa sababu hiyo hiyo, linazoa kila kitu hadi mazalia ya chini.

Sasa usimrukie muuzaji. Msalimie kwanza. Mama shikamoo, hawa wameingia saa ngapi? Marahaba mwanangu, wa alfajiri hawa. Mama na hawa wadogo umewapata wapi? Hapo atakwambia ukweli wake, kwamba ananunua kwa ndoo, ndoo inakuja imechanganywa, akikataa wadogo mwenzake nyuma yake anaichukua yote, na akiwanunua ndo yeye anayekutwa nao barabarani. Mwenye wavu kabaki ufukweni. Hiyo ndo sehemu inayoniudhi kwenye hii habari nzima. Unachoweza kufanya wewe ni kumwambia nitakuwa nachukua kwako kila Jumamosi wakubwa watatu, sitaki fungu la wadogo, na ulipe bei yake bila kulia lia. Ukiwa na wenzako wawili watatu wa mtaani mnasema hivo hivo, mwisho na yeye anakuwa na nguvu ya kumwambia wa ufukweni achague.

Dagaa wana mambo yao. Wavu wa dagaa Ziwa Victoria unatakiwa macho ya milimita 8, na hata ukiwa halali kabisa lazima unabeba na wengine wasiotakiwa, hasa ukivutwa karibu na ufukwe ambako vitoto vya sato na sangara vinakulia. Ukinunua kwa kopo mwaga kwenye sinia kabla hujaosha, tandaza kwa mkono. Dagaa mwenyewe ni mwembamba anang'aa ubavuni. Ukiona kapana, kana mgongo wa miiba miiba, hako sio dagaa, hako ni furu, vile visamaki vidogo vya ziwani, au kitoto cha sato. Wachache hawakosekani, usianze vita. Wakiwa robo ya sinia badilisha duka. Na mnaofuga kuku, hapo nawaangalia nyie hasa, dagaa wa kuku hawachambui mtu, ndo huko vitoto vingi vinakomalizikia kwenye pumba bila mtu kuviona.

Watu wananiuliza mbona sisi hatutupi samaki, si Wazungu ndo wanatupa? Kweli, kutupa baharini ni tatizo la meli kubwa. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walikadiria tani milioni 9.1 kwa mwaka zinarudishwa majini, nyingi zimeshakufa, na karibu nusu yake ni kazi ya nyavu zinazoburuzwa chini. Norwei walikataza kutupa chewa wa kwao (cod) tangu 1987, Umoja wa Ulaya wakafuata kuanzia 2015, ukivua unamleta bandarini anahesabiwa. Huku kwetu kila kitu kinaliwa kwa hiyo tunajiona safi, lakini uharibifu wetu una sura mbili nyingine, tunakula mtoto kabla hajazaa, na wakubwa wanaoza njiani kwa kukosa barafu. Kwa hiyo samaki akija bila barafu na jicho limezama, shavu ukilifunua ni la kahawia badala ya jekundu, usichukue, hata ashushwe bei.

Wa ndoano sasa. Nyumba ya Mungu ni maji ya wilaya tatu, Moshi Vijijini, Mwanga na Simanjiro, kwa hiyo usikate leseni kwa kudhani, muulize ofisa uvuvi wa halmashauri ya upande unaotupia, af ukifika jitambulishe kwa BMU ya pale, kile kikundi cha wanajamii kinachosimamia ufukwe, ndo watakwambia kama kuna kufungwa, maana bwawa limewahi kufungwa kabisa ili samaki wazaliane. Ziwa Duluti pale Tengeru liko ndani ya hifadhi ya msitu, kulipia kiingilio usidhani umelipia na kuvua, uliza getini. Na mamba Nyumba ya Mungu wapo, usiingie maji ya magoti kwa ajili ya ndoano ya mia mbili.

Wenye nyavu wanasema sisi wa burudani tunabebwa, sisi tunasema wao ndo wanamaliza, na ugomvi huu uko kila mahali, Marekani kwenye Ghuba ya Mexico mwaka 2017 wavuvi wa burudani walipangiwa siku tatu tu za kuvua samaki anaitwa red snapper kwenye maji ya serikali kuu, wakapiga kelele hadi zikaongezwa, wakati wa biashara wana mgao wao wa mwaka mzima. Mimi naona tofauti iko hapa, ndoano inakupa nafasi ya kumrudisha samaki akiwa hai, wavu wa kutega haukupi. Basi itumie. Kile kijino cha ndoano kiminye kwa koleo kabla hujaanza, itachomoka bila kuchana. Lowanisha mikono kwanza, mkono mkavu unamtoa utelezi wake na kidonda kinaingia hapo. Perege jike akiwa amevimba kidevu usimfungue mdomo, mule ana mayai au vitoto, ndo anavolea, na akishtuka anavitema vyote. Mrudishe haraka, na kama ndoano imezama kata uzi tu. Kambale anavumilia nchi kavu ila ana miiba miwili kwenye mapezi ya pembeni, mshike nyuma yake vidole vikiwa chini ya hiyo miiba, ukichomwa utajua.

Ukisimamishwa na samaki barabarani usibishane wala usitoe ya soda. Onesha leseni, au kama ulinunua sema ulinunua soko gani kwa nani. Akipima, simama hapo hapo uone rula inaanzia wapi, akianzia kwenye jicho mwambie kwa heshima mzee naomba uanzie mdomoni. Wakichukuliwa, omba maandishi, ni samaki wangapi, uzito gani, wanapelekwa wapi, na faini yoyote iwe na risiti ya serikali yenye namba ya malipo, maana bila karatasi huna pa kuanzia ukitaka kulalamika halmashauri. Na huyo mama wa beseni mwambie na yeye, wengi hawajui kwamba wanaruhusiwa kuuliza.