Asparagasi Ikishakatwa Isilale Juani

Wakulima wa asparagasi, leo nina jambo moja tu: muda unaopita kati ya kisu na baridi. Kupanda mnajua, mbolea mnajua, na kukata chipukizi likifika sentimita 22 hadi 25 huku ncha ikiwa bado imefumba, hilo nalo mnalijua. Hasara inaanzia hapo mnapodhani kazi imekwisha. Machipukizi yanakatwa alfajiri, yanalazwa kwenye kreti kando ya tuta, watu wanaendelea na safu nyingine, gari linasubiriwa, na saa sita mchana kreti zile ziko palepale zilipoachwa. Mnunuzi akirudisha mzigo kwa sababu umekuwa mgumu kama fito, lawama anapelekewa muuza mbegu.

Mbegu haina kosa. Chipukizi la asparagasi ni kiungo kinachokua kwa kasi kubwa, na ukilikata halijui kwamba limekatwa. Linaendelea kupumua na kuchoma sukari, ila mizizi iliyokuwa ikililisha kutoka akiba yake ya fruktani, aina ya sukari iliyounganishwa kwa minyororo, haipo tena. Katika mboga zote, asparagasi ni miongoni mwa zile zinazopumua kwa nguvu zaidi baada ya kuvunwa. Kwenye nyuzijoto 0 kilo moja hutoa takriban miligramu 60 za kaboni dayoksaidi kwa saa. Kwenye nyuzijoto 20 hutoa zaidi ya mara nne ya hapo. Na chipukizi lililolala juani huwa na joto kuliko hata hewa inayolizunguka, kwa hiyo usijidanganye kwa kusema kwamba siku haikuwa kali.

Kinachofuata ndani yake ni kazi ya vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya mmea, vilevile ambavyo baadhi ya wanunuzi wa masalia siku hizi wanavitafuta, kama mtakavyoona mbele. Jeraha la kisu linaamsha kimeng'enya kinachoanza kutengeneza malighafi ya lignini, kisha kimeng'enya kingine, peroksidesi, kinaiunganisha malighafi hiyo kwenye kuta za seli. Lignini ndiyo inayoupa mti ugumu wake. Inaanzia kwenye kata la chini, pale kisu kilipopita, na kupanda kuelekea juu, saa baada ya saa, na joto linaiharakisha. Mzigo ukicheleweshwa kwa muda wa saa nne tu kabla ya kupozwa, ugumu unaongezeka kiasi cha kupimika kwa mashine, na mlaji atausikia menoni bila mashine yoyote. Lignini ikishajengwa hairudi nyuma. Baridi ya baadaye inasimamisha ujenzi tu, haibomoi kilichokwisha kujengwa. Naomba hili lieleweke, kwa sababu wapo wanaoacha mzigo juani nusu siku kisha wanautia kwenye chumba cha baridi usiku kucha wakitumaini utalainika. Hautalainika.

Kwenye ncha mambo ni mabaya zaidi. Ncha ina akiba ndogo ya sukari na matumizi makubwa, na kwenye joto la kawaida la chumba sehemu kubwa ya sukari hiyo inateketea ndani ya siku ya kwanza. Ikiisha, ncha inaanza kula protini zake yenyewe. Naitrojeni inayobaki inageuzwa kuwa asparajini, ile asidi amino (tofali la kujengea protini) iliyopewa jina la mmea huu baada ya Wafaransa Vauquelin na Robiquet kuitenga kutoka maji ya asparagasi mwaka 1806. Kwa hiyo mkisikia mtu akisifu mzigo wake kwamba una asparajini nyingi, muulizeni aliukata lini. Asparajini ikirundikana kwenye ncha iliyokatwa, hiyo ni dalili ya njaa. Pia msichanganye asparajini na asparajinesi, dawa inayotumika hospitalini kwa aina fulani ya saratani ya damu. Dawa hiyo hutengenezwa kwa bakteria, haitoki kwenye mboga hii, na kumuuzia mgonjwa asparagasi kwa jina hilo ni dhambi.

Haya sasa, vipimo. Visomeni vizuri kwa sababu hapa ndipo watu wanapobabaisha.

Kata kabla jua halijapanda, na kila kreti ikijaa itoke shambani, usisubiri kumi zijae. Iende kivulini mara moja. Kivuli kinakununulia muda mfupi tu, hakipozi. Ndani ya muda wa saa mbili tangu kukatwa, machipukizi yawe yameingia kwenye maji ya barafu, na muda wa saa nne ndio mwisho kabisa. Maji yawe kati ya nyuzi 0 na 2, yawe safi, yametiwa klorini kwa kiwango kinachoruhusiwa kwa kuoshea mboga, na yabadilishwe yanapoanza kuwa na tope. Maji machafu yanasambaza uozo laini kutoka chipukizi moja hadi kreti nzima.

Muda wa kukaa majini msiubahatishe. Chukua kipimajoto chenye sindano, chagua chipukizi nene kuliko yote, lichome katikati ya unene wake, usome. Likishuka chini ya nyuzi 5, toa kreti. Membamba yatapoa kwa dakika chache, manene yatadai zaidi, na ndiyo maana nimesema upime lile nene. Kugusa kwa mkono si kupima! Ngozi ya nje inapoa haraka wakati kiini bado kina joto la shambani, na kiini hicho kitaendelea kujenga lignini ndani ya boksi lako.

Yakitoka majini, yasimamishwe wima, kata la chini likae juu ya kitambaa au pedi yenye unyevu, na ncha zisiguse maji yaliyotuama. Ukiyalaza, ncha zitainuka zikitafuta juu na kupinda, maana bado zinakua. Chumba kiwe nyuzi 0 hadi 2 na unyevu wa hewa asilimia 95 au zaidi. Kwa hali hiyo mzigo unahimili wiki mbili hadi tatu. Mkizidisha siku kumi hivi kwenye 0 kamili, baridi yenyewe inaanza kujeruhi ncha, kwa hiyo mzigo wa kukaa muda mrefu uwekeni kwenye 2. Msiuchanganye na ndizi, nyanya au matunda mengine yanayoiva, kwa kuwa gesi ya ethilini inayotoka humo inaongeza ugumu.

Ukifanya hivi, kata la chini litabaki jeupe lenye majimaji na ncha itabaki imefumba.

Tuje kwenye masalia, maana kosa ni lilelile na hapa linafanywa bila hata aibu. Kwenye usindikaji, vipande vya chini, maganda na machipukizi yaliyopinda vinaweza kufikia karibu nusu ya uzito wote. Hicho si takataka. Sehemu ya chini ina nyuzinyuzi nyingi, ina fruktani zinazolisha bakteria wema wa utumbo, ina saponini zinazoleta ule uchungu, na bado ina misombo ya fenoli. Rutini, antioksidanti (kikinga seli dhidi ya uharibifu) inayosifiwa sana kwenye mmea huu, iko nyingi zaidi kwenye ncha za kijani, kwa hiyo ncha zilizovunjika zitengeni peke yake, msizitupe pamoja na maganda. Asparagasi nyeupe ina rutini kidogo sana kwa kuwa haikuona mwanga. Masalia yake yauzeni kwa ajili ya nyuzinyuzi, na msimdanganye mnunuzi.

Sasa masalia hayo yanajazwa kwenye gunia, gunia linafungwa, linakaa hadi kesho yake. Ingiza mkono katikati ya gunia kama hilo asubuhi, utasikia joto. Ndani mle vimeng'enya vinafanya kazi usiku kucha: kimojawapo kinavunja rutini kuwa kitu kingine kiitwacho kwesetini, vingine vinaharibu vitamini C, na ukungu unakuja nyuma yao. Unga utakaotokana na gunia hilo utakuwa wa kahawia na wenye harufu. Ukungu ukishaingia, unga huo usiwape hata mifugo.

Masalia yashughulikiwe siku hiyohiyo. Ila kwanza muulize mnunuzi anataka nini, kwa sababu njia ni mbili na zinapingana. Anayetaka kukamua peroksidesi anahitaji kimeng'enya kikiwa hai: hapo usitie moto kabisa, poza, gandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri na umpelekee kikiwa kimeganda. Anayetaka unga anahitaji vimeng'enya vife mapema. Osha, kata vipande vya unene wa milimita 3 hadi 5, tumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika 2, lita 4 za maji kwa kila nusu kilo ili mchemko usikatike, kisha vitoe moja kwa moja hadi kwenye maji baridi. Hesabu dakika kuanzia maji yanapochemka tena. Dakika 2 ni 2, ukiacha ziwe 6 maji yatabaki na vitamini C na folati yako, nawe utabaki na makapi.

Kuna kipimo cha haraka. Kata kipande kilichotoka kwenye maji ya moto, dondoshea kwenye kata hilo haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Povu likitoka, hujamaliza, rudisha. Povu lisipotoka ni dalili njema lakini si hakikisho, maana kimeng'enya kinachotoa povu hufa mapema kuliko peroksidesi yenyewe. Kipande cha kupimia kitupwe.

Kausha kwenye nyuzi 60, isizidi, hadi kipande kikunjwapo kinavunjika kwa mlio na unyevu uwe chini ya asilimia 10. Wanaoharakisha kwa kukaanga vipande kwenye sufuria waache. Asparajini ikikutana na sukari kwenye joto linalozidi nyuzi 120, pakiwa pakavu, inatoa akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, kitu ambacho hakuna anayekitaka kwenye chakula chake.

Na jambo la mwisho kwa wale wanaokusanya kila kitu cha kijani shambani ili wakaushe: majani yale membamba yanayosimama baada ya msimu yaacheni hadi yawe manjano yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayojaza mizizi akiba ya machipukizi ya msimu ujao. Na yale matunda madogo mekundu yasiingie kwenye unga kwa namna yoyote, yana sumu.