Uliwahi kusumbuliwa na pombe? Mambo ya kuzingatia kabla ya kuomba kibali cha usalama Marekani

Kazi inayogusa siri za serikali ya Marekani huhitaji kibali cha usalama, na maombi yake huanza na fomu ndefu iitwayo SF-86, na sehemu yake ya 24 ni ya pombe tu. Wenye historia ya ulevi wengi hukata tamaa wakifika hapo. Mapema mno. Miongozo ya uamuzi inayotumika tangu Juni 8, 2017 ina vigezo 13, pombe ikiwa kigezo G, na hakuna mstari unaosema aliyewahi kukamatwa akiendesha gari amelewa asipewe kibali maisha yake yote.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa fomu, tafuta makaratasi: hukumu ya mahakama, risiti ya faini, cheti cha kumaliza tiba, barua ya daktari au mshauri. Andika tarehe zako kwa mfuatano. Soma kila swali polepole, maana muda unaoulizwa hutofautiana. Madhara ya pombe kazini, nyumbani au kwenye fedha huulizwa kwa miaka 7 iliyopita, lakini shtaka lolote linalohusu pombe huulizwa bila ukomo wa miaka, na vivyo hivyo kama umewahi kutibiwa au kuambiwa ukatibiwe. Kesi iliyofutwa kwenye kumbukumbu za mahakama nayo kwa kawaida huandikwa. Wengi hujikwaa hapo, wakidhani kilichofutwa hakipo.

Usifiche. Wapekuzi huongea na majirani, wafanyakazi wenzako, hata mliyeachana naye, na huyo wa mwisho hasahau kitu. Ukidanganya kwa makusudi, kosa la pombe lililozeeka hugeuka kuwa suala la uaminifu, ambalo lina kigezo chake, E, na sheria ya jinai inaruhusu kifungo hadi miaka 5.

Halafu lipo la unywaji wako wa leo, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Waamuzi huangalia muda uliopita, kama unakiri tatizo, na kama mwenendo mpya umeota mizizi. Si lazima kila mtu awe ameacha kabisa; aliyepunguza na akadumu hivyo husikilizwa. Lakini kama daktari alikupima akakuta una ugonjwa wa ulevi, akashauri uache, bia mbili za wikiendi ni tatizo hata kama hukulewa wala kukamatwa: kunywa kinyume cha ushauri huo kumetajwa waziwazi kama sababu ya kunyimwa. Mtu wa namna hiyo ni heri asubiri, arudi kwa mshauri, ajenge rekodi kwanza. Tiba uliyoitafuta mwenyewe haikuharibii, na kuikimbia kwa kuogopa fomu ni kujikata mguu.

Mahojiano yakifika, jibu kilichoulizwa kwa tarehe zilezile ulizoandika. Hadithi ndefu za nani alikununulia hazisaidii. Ukiletewa maelezo ya sababu za kusudio la kukunyima, bado hujanyimwa. Mfanyakazi wa kampuni yenye kandarasi na Wizara ya Ulinzi hupewa siku 20 kujibu kwa maandishi na anaweza kuomba kusikilizwa na jaji, akiwa na wakili kama anamudu. Makaratasi uliyokusanya mwanzoni ndiyo utakayoambatisha.