Kukagua na Kurekebisha Hita ya Gesi Baada ya Kufungwa na Fundi

Mwenye nyumba wa Mbeya, Njombe au Makete anayeacha kuingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi ya Juni na Julai, akafungiwa hita ya gesi, amefanya jambo jema. Hata hivyo, fundi akishaondoka, ukaguzi unabaki mikononi mwake.

Aanze na uvujaji. Hita ikiwa imezimwa, afungue mtungi, kisha apake maji yenye povu zito la sabuni kwenye valvu, kwenye regulata (kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza msukumo wa gesi) na kwenye ncha zote mbili za mpira. Mapovu yakivimba mahali fulani, afunge mtungi, akaze klipu au abadilishe mpira, kisha apime upya. Kupima kwa kiberiti ni kuhatarisha maisha. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutanda sakafuni. Harufu yake ikisikika, mtungi ufungwe na milango ifunguliwe, na swichi ya umeme isiguswe, iwe ya kuwasha wala ya kuzima.

Katika kuwasha, kitufe hushikiliwa kwa sekunde 20 hadi 30 ili kitambuzi cha moto kipate joto. Moto ukizimika kila kinapoachiliwa, mara nyingi kitambuzi kina uchafu au kimekaa mbali na mwali.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni rangi ya mwali, kwa sababu huku kwetu lina uzito wa pekee. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na pwani, hivyo hita iliyowaka vizuri Dar es Salaam inaweza kukosa oksijeni ya kutosha ikifika hapa. Mwali utazamwe baada ya hita kuwaka kwa dakika 15, si mara tu inapowashwa. Mwali mzuri ni wa buluu na umetulia. Wa njano unaoacha masizi unaonyesha kwamba hewa haitoshi. Kama hita ina kibati cha kurekebishia hewa karibu na nozeli (kitundu chembamba kinachotoa gesi), izimwe, ipoe, kibati kifunguliwe kidogo, kisha ijaribiwe tena. Mwali ukiruka na kuvuma, hewa imezidi. Kwa hita za vigae vinavyong'aa kwa joto, rangi ya chungwa ni ya kawaida. Nozeli isitobolewe, na kifaa kinachozima moto oksijeni inapopungua kisiondolewe hata kikisumbua: muuzaji aulizwe kama hita hiyo imetengenezwa kwa ajili ya miinuko.

Najua kishawishi cha kuziba madirisha kwa matambara usiku wa baridi kali. Nasihi sana kisifuatwe, kwa maana mwali wenye njaa ya hewa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Tundu la hewa libaki wazi, hita izimwe kabla ya kulala, na yeyote anayeumwa kichwa au kusikia kizunguzungu karibu nayo atolewe nje mara moja.

Mapazia na vitanda vikae umbali wa mita moja au zaidi. Asubuhi za barafu mwali unaweza kudhoofika kwa sababu gesi ndani ya mtungi uliopoa haigeuki mvuke kwa kasi. Mtungi usipashwe kwa moto wala kwa maji yanayochemka. Kipimo cha povu kirudiwe kila mtungi unapobadilishwa.