Ukikata Ncha ya Mchicha, Usiunyime Maji

Fika soko la Kongowea hapa Mombasa alfajiri uone mafungu ya mchicha uliong'olewa na mizizi yake, udongo bado umeshika. Huwa naumia nikiyaona, kwa sababu shina lile lingekatwa mara tatu au nne kabla ya kuchoka.

Ncha ya mmea hutengeneza homoni iitwayo oksini. Hushuka na shina, ikiyazuia machipukizi yaliyolala kwenye makwapa ya majani, pale jani linaposhikana na shina, yasiamke. Ukiiondoa ncha, zuio limeondoka. Hapo saitokinini, homoni inayochochea seli kugawanyika na ambayo nyingi hutoka mizizini, hupata nafasi yake, na baada ya siku chache utaona vijicho vya kijani vikichungulia. Kwa hiyo subiri mchicha upite shibiri moja, ukate kwa kisu kikali wakati wa alasiri, na uache majani mawili matatu chini. Ukikata chini kabisa, hutabakiza kwapa la kuchipuza.

Kisha maji. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Chipukizi jipya nalo hutengeneza oksini yake, na ikifika kwenye seli changa, huifanya itoe asidi inayolegeza ukuta wake. Maji huingia, yakausukuma ukuta uliolegea, na seli ikarefuka. Pasipo maji, ukuta utalegea bure. Na visima vingi vya Mombasa vina chumvi, ambayo huifanya mizizi ishindwe kuvuta maji hata kama udongo umelowa. Mchicha unadumaa, mkulima analaumu mbegu. Kinga maji ya mvua ya masika kwenye mapipa uyaweke kwa ajili ya siku zinazofuata kukata. Changanya samadi iliyooza vizuri ili udongo ushike unyevu. Kama huna ila ya kisima, mwagilia mengi kwa mara moja ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Kunyunyiza kidogo kidogo huirundika juu.

Jambo moja zaidi, kuhusu bomba la kupulizia. Dawa ya magugu ya 2,4-D ni oksini ya kutengenezwa: huyalazimisha magugu ya majani mapana kukua ovyo hadi yafe, na mboga zetu nazo ni za majani mapana. Niliwahi kupulizia bamia kwa bomba ambalo sikuliosha vizuri. Majani yalijikunja, mashina yakajipinda, sikuvuna hata kikapu kimoja. Sasa nina mabomba mawili, na lile la magugu nimelifunga kitambaa chekundu.